Nyaya Mbili, Njia Moja: Kupanga STP Kwenye Swichi za Mtandao

Na Mratibu wa Miradi

Swichi inayozungumzwa hapa si ile ya ukutani ya kuwashia taa. Ni kile kisanduku chenye matundu mengi ambamo nyaya za kompyuta zote za ofisi huishia. Vituo vyetu vingi vilianza na kompyuta mbili tu, ya mhasibu na ya katibu muhtasi. Leo kituo hicho hicho kina mtandao unaounganisha ofisi, zahanati, shule na hosteli, na humo hupita matokeo ya maabara, madai ya bima ya afya, ada za wanafunzi na ripoti za miradi. Mtandao ukisimama, mgonjwa hukaa benchi akisubiri karatasi yake.

Zipo sababu nyingi za mtandao kusimama, na umeme ndio wa kwanza kulaumiwa. Katika makala hii tunapenda kueleza sababu nyingine ambayo mafundi wengi huikosa, nayo ni mzunguko wa nyaya, pamoja na namna ya kupanga swichi ili zijikinge nao.

Gari la matangazo lisilosimama

Tazama ramani ya barabara zetu. Kutoka Dar es Salaam kwenda Msata kuna njia mbili. Moja hupita Kibaha na Chalinze, kisha hapa Lugoba. Nyingine hupita Bagamoyo. Ukiziunganisha unapata duara kamili. Kwa msafiri hiyo ni neema, kwani njia moja ikiharibika atapita nyingine.

Sasa fikiria gari la matangazo linaloondoka Lugoba kutangaza siku ya chanjo. Dereva amepewa amri moja: ukifika njia panda, toa gari jipya kwa kila barabara isipokuwa ile uliyotokea. Basi gari moja linaelekea Chalinze na jingine Msata. Yanapishana huko mbele, yanazunguka, yanarudi Lugoba, yanapita tena. Hakuna aliyeyaambia yasimame. Jioni likitoka tangazo la msiba, nalo linaongezeka juu ya yale ya chanjo. Kabla ya usiku barabara zote zimejaa vipaza sauti na gari la wagonjwa halina pa kupita.

Swichi hufanya kazi kwa amri hiyo hiyo. Kompyuta inapowashwa hutuma tangazo kwa wote: inaomba anwani, inauliza seva iko wapi, inatafuta printa. Swichi hulipokea na kulitoa kwenye kila tundu isipokuwa lile lilikotokea. Kama nyaya zimefanya duara, tangazo hurudi lilikoanzia na kuanza safari upya. Pakiti ya intaneti ina hesabu ndani yake inayopungua kila ipitapo kwenye ruta, na ikifika sifuri hutupwa. Fremu ya Ethaneti, ambayo ndiyo swichi huibeba, haina hesabu hiyo. Itazunguka mpaka mtu achomoe waya au umeme ukatike. Kwa kasi ya gigabiti moja kwa sekunde, sekunde chache zinatosha kujaza mtandao wote.

Kuna madhara ya pili. Swichi hujifunza kila kompyuta iko upande gani kwa kutazama tundu ambalo ujumbe wake umeingilia. Katika duara, ujumbe wa kompyuta moja huonekana ukiingia mara kwa tundu la 3, mara kwa tundu la 24, na swichi hubaki ikibadilisha kumbukumbu yake bila kukoma. Hata ujumbe usiokuwa wa matangazo unapotea njia.

Dalili zake ni hizi: taa za matundu yote humeta pamoja na kwa haraka, kama zinafuata ngoma moja. Kompyuta zote hupungua kasi kwa wakati mmoja, hata zile zisizotumia intaneti. Simu za mtandao hukatika. Kisha mtu anachomoa waya mmoja, na kila kitu kinatulia. Ukiona hivyo, usimpigie kwanza mtoa huduma wa intaneti. Tatizo liko ndani ya uzio wako.

Duara hutokea vipi?

Mara nyingi kwa nia njema. Mfanya usafi anakuta ncha ya waya iko sakafuni na kuichomeka kwenye tundu lililo karibu, kumbe ncha ya pili imo kwenye swichi hiyo hiyo. Karani anaona simu ya mtandao ina matundu mawili nyuma yake na kuyaunganisha yote ukutani. Mwalimu anataka matundu zaidi darasani, ananunua swichi ndogo mjini, kisha mwenzake wa chumba cha pili anafanya vivyo hivyo, na mwisho wa siku swichi hizo mbili zinaunganishwa. Kifaa cha kurusha Wi-Fi kinachopokea kwa redio nacho kinaweza kufunga duara kikiunganishwa pia kwa waya.

Wakati mwingine duara ni la makusudi, na ni la busara. Kama kati ya zahanati na ofisi kuu kuna waya mmoja tu, panya mmoja anatosha kusimamisha kazi. Kuweka njia ya pili ni jambo jema. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao ulijengwa kwa mpango wa mizunguko, ili ukikatwa mahali pamoja mawasiliano yapite upande mwingine. Ila kwenye Mkongo kuna teknolojia nyingine zinazosimamia jambo hilo. Kwenye kituo chetu msimamizi ni STP.

Mti badala ya duara

STP ni kifupi cha itifaki ya spaningi trii, tunayoweza kuiita itifaki ya mti. Ilibuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, na mwaka 1990 ikawa kiwango cha kimataifa cha IEEE kinachojulikana kwa namba 802.1D. Wazo lake ni jepesi. Mti una mzizi mmoja na matawi, na kutoka tawi moja hadi jingine kuna njia moja tu. Swichi zikizungumza na kukubaliana nani ni mzizi, kila moja itachagua njia fupi ya kuufikia, na njia zilizozidi zitafungwa. Hazikatwi. Waya unabaki mahali pake na taa inawaka, ila data haipiti. Njia kuu ikikatika, ile iliyofungwa inafunguliwa.

Mazungumzo hayo hufanyika kwa ujumbe mdogo uitwao BPDU, ambao hutumwa kila baada ya sekunde 2. Uchaguzi wa mzizi haufuati ukubwa wa swichi wala bei yake. Kila swichi ina namba ya kipaumbele, na kiwandani zote hupewa 32768. Mwenye namba ndogo ndiye mshindi. Zikilingana, hutazamwa anwani ya MAC, yaani namba ya kudumu ambayo kiwanda huipa kila kifaa, na hapo pia ndogo hushinda.

Hapa ndipo vituo vyetu huumia. Viwanda hutoa anwani hizo kwa kupanda, kwa hiyo mara nyingi swichi ya zamani ndiyo yenye anwani ndogo. Usipogusa mipangilio, swichi iliyochakaa kuliko zote inaweza kuwa mzizi wa mtandao wote. Nasi tunapokea misaada ya vifaa vilivyotumika, jambo tunalolishukuru, lakini kifaa cha msaada hakijui kwamba kimekuja kama mgeni.

Katika kituo kimoja nilichowahi kutembelea, muuguzi wa zamu ya usiku alinieleza, “Mratibu, mtandao wetu unalala na wanafunzi.” Kila saa nne usiku mfumo wa wagonjwa ulikuwa ukimtoa nje na kumlazimu kuandika upya. Asubuhi tatizo lilijirudia. Mafundi walikuwa wamebadilisha nyaya, wakabadilisha na kompyuta yake.

Mtandao ule ulikuwa hivi. Swichi ya ofisi kuu, penye seva na intaneti, iliunganishwa kwa faiba ya gigabiti 1 na zahanati, na kwa faiba nyingine ya gigabiti 1 na shule. Hosteli ilikuwa na swichi ya msaada, ya zamani, yenye kasi ya megabiti 100. Ili isikose mtandao iliunganishwa pande mbili: waya mmoja kwenda zahanati na mwingine kwenda shule. Duara limekamilika hapo, na STP ilikuwa imewashwa, kwa hiyo hapakuwa na gharika ya matangazo. Lakini hakuna aliyeweka kipaumbele, na swichi ya hosteli ikawa mzizi.

Tupige hesabu. STP hupima njia kwa gharama. Katika orodha ya zamani, megabiti 10 ni gharama 100, megabiti 100 ni 19, gigabiti 1 ni 4 na gigabiti 10 ni 2. Mzizi ukiwa hosteli, zahanati iko mbali nao kwa 19 na shule kwa 19. Ofisi kuu ikipita zahanati ni 4 kuongeza 19, yaani 23, na ikipita shule ni 23 vilevile. Ilibidi ichague upande mmoja, ikachagua zahanati, na faiba ya kwenda shule ikafungwa. Ada za wanafunzi na barua zote za shule zikawa zinakwenda kwenye seva kwa kupitia hosteli, kisha zahanati, kwenye nyaya za megabiti 100, huku faiba iliyogharimu fedha nyingi imekaa bure. Na umeme wa hosteli ulipozimwa saa nne usiku, mzizi ulikufa. Swichi zilizobaki zikaanza uchaguzi upya. STP ya zamani huchukua sekunde 30 hadi 50 kumaliza kazi hiyo. Asubuhi hosteli ilipowashwa, mzizi wa zamani ulirudi kudai kiti chake, na uchaguzi ukafanyika tena.

Mzizi ukiwa ofisi kuu, hesabu inabadilika: zahanati 4, shule 4, hosteli 23. Faiba zote mbili zinafanya kazi, na kinachofungwa ni waya mmoja wa hosteli. Hosteli ikizimwa, wengine hawajui hata kama kuna aliyelala.

Jinsi ya kupanga

Kwanza chora ramani ya mtandao wako kwa kalamu. Usiguse swichi kabla hujajua kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi. Najua kazi hii inachosha, hasa kwa vumbi la huku kwetu la machimbo ya kokoto linalojaa kwenye makabati, lakini bila ramani utakuwa unabahatisha.

Pili, chagua mzizi. Uwe swichi iliyo katikati, yenye nguvu na yenye umeme wa uhakika, yaani iliyo karibu na seva na betri za akiba. Mpe kipaumbele cha 4096. Chagua na makamu wake, mpe 8192. Namba hizi hupanda kwa hatua za 4096, hivyo huwezi kuandika 5000. Zilizobaki ziache kwenye 32768.

Tatu, tumia toleo la haraka. Mwaka 2001 ilitoka RSTP, kiwango cha 802.1w, na mwaka 2004 ikachukua nafasi ya STP ya zamani ndani ya 802.1D. Kazi iliyochukua nusu dakika au zaidi sasa mara nyingi humalizika ndani ya sekunde chache au chini ya sekunde moja. Kwa kituo chenye swichi chini ya kumi, sioni sababu ya kuingia kwenye matoleo magumu zaidi.

Kwenye swichi za Cisco amri ni hizi, tukichukulia mtandao una VLAN moja tu:

spanning-tree mode rapid-pvst
spanning-tree vlan 1 priority 4096

Ukizitazama baada ya hapo kwa amri ya show spanning-tree usishtuke kuona 4097. Cisco hujumlisha namba ya VLAN kwenye kipaumbele, na ndiyo maana ambazo hazijaguswa huonyesha 32769.

Kwenye swichi za HP ProCurve, ambazo bado zimo katika vituo vingi, kumbuka kwamba STP hutoka kiwandani ikiwa imezimwa. Lazima uiwashe kwa kuandika spanning-tree peke yake. Kisha andika spanning-tree priority 1, ambapo 1 ina maana ya 4096 mara moja. Ukiacha kama ilivyo ni 8, yaani 32768. Swichi za bei nafuu zinazopangwa kwa kivinjari nazo huwa na ukurasa wake ambapo utatafuta herufi STP au RSTP na nafasi ya kujaza kipaumbele.

Kama una swichi za kampuni tofauti, angalia pia orodha ya gharama. Ipo orodha mpya ambamo megabiti 100 ni 200,000, gigabiti 1 ni 20,000 na gigabiti 10 ni 2,000. Swichi moja ikihesabu kwa 4 na nyingine kwa 20,000, kila moja inadhani njia za mwenzake ni ghali au rahisi kuliko zilivyo. Zipange zote zitumie orodha moja.

Matundu ya ukingoni

Mafundi wengi huizima STP kabisa, nao wana sababu. Mtu anawasha kompyuta, tundu linakaa sekunde 30 likisikiliza na kujifunza kabla ya kufunguka, kompyuta inaomba anwani haijibiwi, inakata tamaa. Mtumiaji anapiga simu: hakuna mtandao. Fundi anazima STP na tatizo linaisha. Limeisha la kompyuta moja, na mlango umefunguliwa kwa lile la kituo kizima.

Dawa yake ni kuliambia tundu kwamba liko ukingoni, yaani nyuma yake kuna kompyuta au printa, hakuna swichi. Kwenye Cisco ni spanning-tree portfast, kwenye ProCurve ni admin-edge-port. Tundu hilo hufunguka papo hapo. Usiweke alama hii kwenye matundu yanayounganisha swichi kwa swichi.

Kisha weka mlinzi kwenye matundu hayo hayo. Kwenye Cisco anaitwa bpduguard, kwenye ProCurve bpdu-protection. Kompyuta haitumi BPDU. Kwa hiyo tundu la ukingoni likipokea BPDU, ama mtu amechomeka swichi nyingine hapo, ama waya umerudi ulikotoka. Mlinzi hulifunga tundu hilo peke yake, na kituo kingine kinaendelea na kazi. Kwenye Cisco tundu hubaki limefungwa mpaka fundi alifungue. Kwa kituo ambacho fundi wake anatoka Dar es Salaam kwa basi, ongeza amri ya errdisable recovery cause bpduguard, nayo swichi italijaribu tena baada ya sekunde 300.

Zile swichi ndogo za mezani zisizo na mipangilio yoyote hazijui STP. Nyingi hupitisha BPDU bila kuzielewa, na hapo mlinzi wa swichi kubwa atagundua duara lililo nyuma yake. Baadhi huzitupa, na hapo STP inakuwa kipofu. Baadhi ya swichi kubwa zina kinga nyingine kwa ajili hiyo, kwa ProCurve ni loop-protect, ambayo hutuma ujumbe wake na kufunga tundu ujumbe huo ukirudi. Ni vema kuiwasha pale walimu na wageni wanapochomeka wapendavyo.

Mti nao una kimo chake

Tarehe 13 Novemba 2002 mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Marekani, ulianza kuanguka, na hali hiyo iliendelea kwa siku kama nne. Hospitali hiyo kubwa ya kufundishia ilirudi kwenye karatasi, na watu walikimbia na majibu ya maabara mikononi. Mkuu wa teknolojia wake, Dk. John Halamka, alieleza yaliyotokea waziwazi, jambo ambalo wakuu wengi wasingelifanya. Mtandao ulikuwa umekua kwa kuongezwa kipande baada ya kipande mpaka swichi zilizofuatana zikapita kimo ambacho STP iliwekewa, yaani 7 kutoka mwisho hadi mwisho. Ulipozidiwa na mzigo mkubwa wa data, mazungumzo ya swichi yakavurugika na duara likafunguka.

Sisi hatufiki ukubwa huo, lakini tabia ya kukua kwa vipande tunayo. Jengo jipya likijengwa, usiunganishe swichi yake kwenye swichi ya mwisho kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Vuta waya mpaka ofisi kuu. Na kati ya jengo na jengo tumia faiba, maana waya wa shaba hubeba radi hadi ndani.

Mwenye kutaka kujifunza zaidi atafaidika na vitini vya NSRC ya Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikifundisha mafundi wa vyuo vya Afrika. Vitini hivyo hutolewa bure, na vya mitandao ya vyuo vina somo zima la STP lenye mazoezi.

Ukishamaliza kupanga, fanya jaribio, nalo lifanyike siku ambayo zahanati haina foleni. Washa ping kutoka kompyuta moja kwenda kwenye seva, kisha chomoa faiba kuu kwa mkono wako. Hesabu majibu yaliyokosekana. Kwa RSTP yawe moja au mawili, hata matatu. Yakifika 30, kuna swichi ambayo bado inatumia STP ya zamani, itafute. Rudisha waya, andika matokeo kwenye ile ramani uliyochora, pamoja na tarehe, jina la swichi iliyo mzizi na jina la makamu wake. Ramani hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la swichi, si kwenye kompyuta ya fundi.